Leseni ya pleya ya video shuleni na chuoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa na walimu wa TEHAMA, wakuu wa shule na mafundi wa maabara za kompyuta, hasa mwanzoni mwa mwaka wa masomo, kompyuta zinaposafishwa na kuwekwa programu upya. Majibu yanalenga shule na vyuo vya Tanzania na Kenya.

Hata pleya ya video inahitaji leseni?

Inahitaji. Programu ya kompyuta ni kazi yenye mwenyewe. Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta katika kundi moja na vitabu na maandishi mengine. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003, na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Leseni ni ruhusa ya mwenye programu, iliyoandikwa, ikisema nani aitumie, wapi na kwa masharti gani. Kuna ruhusa ya kulipia na kuna ruhusa isiyo na malipo, lakini zote mbili ni ruhusa na zote zina maneno ya kusomwa.

Nimeipakua bila kulipa hata shilingi. Si ina maana ni ya bure?

Ni ya bure kwa nani? Hapo ndipo shule nyingi zinapojikwaa. Pleya kadhaa zinazopakuliwa bila malipo zina sentensi moja katikati ya leseni inayosema ruhusa ni kwa matumizi binafsi, ya nyumbani, yasiyo ya kibiashara. Mwalimu akiiweka kwenye laptopu yake atazame video za harusi ya mdogo wake, yuko ndani ya ruhusa. Programu hiyo hiyo ikiwekwa kwenye kompyuta 40 za maabara, mtumiaji sasa ni taasisi, na taasisi si mtu binafsi wala maabara si nyumbani kwa mtu. Kwamba hakuna aliyedaiwa hela hakubadilishi kitu.

Kwa hiyo soma leseni yenyewe, usiishie kwenye neno "bure" lililo juu ya kitufe cha kupakulia. Wakati wa kusakinisha hutokea dirisha lenye maandishi marefu ambayo wengi huyapita kwa kubonyeza kukubali. Yanakili yote, yabandike kwenye faili la maandishi, kisha bonyeza Ctrl+F. Kwa kuwa leseni nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, tafuta maneno haya manne: personal, home, non-commercial, educational. Kazi hiyo ni ya dakika tano na inakupa karibu kila unachohitaji kujua.

Ukikuta mawili ya kwanza peke yake, programu hiyo si ya shule, iache. Ukikuta educational, soma sentensi nzima. Mfano mzuri ni IrfanView, programu ya kutazama picha ambayo pia huchezesha baadhi ya video: mwenye programu ameandika kwamba ni bure kwa matumizi yasiyo ya kibiashara na kwa matumizi ya elimu, ilhali kampuni inatakiwa kuilipia. Leseni inayoikaribisha shule husomeka hivyo: inaitaja shule waziwazi, haikuachii ubahatishe.

Sisi ni shule binafsi, wazazi wanalipa ada. Tunahesabiwa kuwa biashara?

Swali hili ni gumu kuliko yote, na ukweli ni kwamba jibu linategemea aliyeandika leseni. Maneno "yasiyo ya kibiashara" hayana tafsiri moja. Mwenye programu mmoja huhesabu shule yoyote kuwa si biashara. Mwingine huangalia kama kuna fedha inayopokelewa. Shule ya kutwa ya kata na shule ya bweni inayotoza mamilioni zinaweza kusoma sentensi moja na kuwa pande mbili tofauti za mstari.

Zipo njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni kumwandikia mwenye programu barua pepe fupi: jina la shule, kwamba ni binafsi na inatoza ada, idadi ya kompyuta, na kwamba programu itatumika darasani na ofisini. Jibu lake lichapwe na lihifadhiwe kwenye jalada. Ofisi nayo itajwe, kwa sababu baadhi ya leseni za elimu hugusa maabara na darasa tu, wala si kompyuta ya mhasibu au ya matangazo ya kuandikisha wanafunzi.

Njia ya pili, ambayo ndiyo ninayoipendekeza kwa shule yoyote, ni kuchagua pleya ambayo leseni yake haiulizi kabisa wewe ni nani.

Ipo pleya ya namna hiyo?

Ipo. Inayojulikana zaidi ni VLC, ile yenye alama ya koni ya barabarani. Ina historia inayowahusu wasomaji wa ukurasa huu: ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris nchini Ufaransa, waliotaka kurusha video kwenye mtandao wa bweni lao. Kwa muda kazi ilikuwa ya chuo. Tarehe 1 Februari 2001, kwa idhini ya mkuu wa chuo, ikatolewa kwa umma chini ya GPL, leseni inayomruhusu yeyote kuitumia, kuinakili na kuibadilisha programu. Tangu 2009 inasimamiwa na VideoLAN, shirika lisilo la faida. Pleya hii, kwa hiyo, ilifika kwetu kwa sababu mkuu wa chuo mmoja alikubali kusaini.

Leseni ya GPL inasema wazi kwamba kuiendesha programu hakuna kizuizi. Haitaji nyumba, shule wala kampuni. Haiweki idadi ya kompyuta. Shule ya serikali, shule ya dini, chuo cha ufundi cha mtu binafsi na ukumbi wa mafunzo ya jioni ya kulipia, wote wamo, na hakuna wa kumwandikia kuomba ruhusa.

Mengine yanayoifaa shule: inafungua karibu kila aina ya faili bila kuhitaji nyongeza, haina matangazo, na matoleo ya mfululizo wa 3.0 yanafanya kazi hata kwenye Windows za zamani ambazo bado zimejaa kwenye maabara zetu. Na ni chombo cha kufundishia hasa. Mwalimu wa lugha anapochezesha mazungumzo, alama ya [ inapunguza kasi kidogo kidogo na ] inaiongeza, sauti ikibaki ya kawaida bila kuwa nzito. Mwalimu wa biolojia akitaka valvu za moyo zionekane zikifunga, anasimamisha video kisha anabonyeza herufi E: picha inasogea fremu moja kwa kila mbonyezo. Shift+S inahifadhi picha iliyopo kwenye skrini, anaiweka kwenye karatasi ya zoezi. Nimeona darasa zima likinyamaza kwa herufi E hiyo.

Mbona kuna watu wanaiuza VLC?

GPL hairuhusu tu kutumia bali hata kuuza nakala, ila anayeuza lazima atoe pia leseni na msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na watengenezaji. Wengi mnaokutana nao mtandaoni hawafanyi hivyo. Huchukua VLC, huongeza programu za matangazo au virusi, kisha huweka kwenye tovuti yenye jina linalofanana. Pakua kutoka videolan.org peke yake.

Nitajuaje kuwa faili nililonalo ni halisi?

Kila faili kwenye tovuti ya VideoLAN lina namba ndefu ya uhakiki iitwayo SHA-256. Kwenye Windows fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), nenda kwenye folda lilipo faili, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Utapewa mstari mmoja wa herufi na tarakimu 64. Ulinganishe na ule wa kwenye tovuti. Ikitofautiana hata herufi moja, lifute faili hilo na upakue upya. Fanya hivi hasa kama faili limepita kwenye flashi ya mtu.

Fundi ametuwekea pleya ya kulipia, anasema "ameifungua". Kuna tatizo?

Lipo, tena zaidi ya moja. Hiyo ni programu iliyokrakiwa, yaani kufuli lake la leseni limevunjwa. Kisheria ni nakala isiyo na ruhusa, na atakayewajibika ni shule, kwa sababu kompyuta ni za shule. Fundi alishaondoka siku nyingi. Kiusalama ni mbaya zaidi. Angalieni anavyofanya kazi: anachomeka flashi, anafungua folda la programu zake, na kabla ya kubonyeza chochote anazima antivirusi. Mkiona hatua hiyo, msimamisheni hapo hapo. Programu yenye leseni halali haihitaji antivirusi izimwe. Zana ya kukraki huandikwa na mtu msiyemjua, na mmempa mamlaka yote juu ya kompyuta zenye majina ya wanafunzi, matokeo yao na namba za simu za wazazi.

Linalonisikitisha ni kwamba kwa upande wa pleya hakuna hata sababu ya kuingia humo. Mtu anavunja sheria ili apate kitu ambacho chenye leseni safi kipo bila malipo na mara nyingi ni bora zaidi. Mkubalianeni na fundi kwa maandishi, kabla ya kazi, kwamba ataweka programu zilizo kwenye orodha yenu tu.

Windows Media Player haitoshi?

Kwa shule yenye Windows halali, pleya inayokuja na Windows imo ndani ya leseni ya Windows yenyewe. Itumieni bila wasiwasi. Kama Windows yenyewe imekrakiwa, basi na pleya yake imo kwenye tatizo hilo hilo.

Kuna mambo mawili ya kufahamu. Tangu Windows 8, DVD hazichezi bila programu ya ziada. Pili, kompyuta za msaada kutoka Ulaya wakati mwingine huja na Windows ya aina ya N, isiyo na pleya kabisa. Chanzo chake ni uamuzi wa Kamisheni ya Ulaya wa mwaka 2004, uliotoza Microsoft faini ya yuro milioni 497 na kuiamuru itoe Windows isiyofungamanishwa na Windows Media Player. Mkipokea kompyuta za namna hiyo hazijaharibika: nyongeza inayoitwa Media Feature Pack inapatikana bure kwa Microsoft, au wekeni VLC.

Na QuickTime? Bado ipo kwenye kompyuta zetu za Windows.

Iondoeni leo. Apple iliacha kuihudumia QuickTime ya Windows mwaka 2016, ikiwa na matundu ya usalama yanayojulikana, na mamlaka za usalama wa mtandao za Marekani zikawashauri watu waifute. Leseni halali haiifanyi programu iliyotelekezwa kuwa salama.

Vipi kuhusu nyingine tunazozisikia: MPC-HC, mpv, Winamp?

MPC-HC ni nyepesi, iko chini ya GPL, inafaa kompyuta dhaifu za Windows. Tahadhari ni moja: kundi la kwanza la watengenezaji lilisimama mwaka 2017 kwa toleo la 1.7.13, kisha mmoja wao akaendelea nayo. Chukueni matoleo mapya, msichukue lile la 2017.

mpv nayo ni huria (msimbo chanzo wake uko wazi na yeyote anaweza kuutumia na kuubadilisha) na ni nzuri sana kwa Linux, ila haina menyu nyingi. Kwa mwalimu asiyezoea itamchosha. Maabara ya Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, itafaidika zaidi na VLC, na wakati wa kusakinisha Ubuntu wekeni alama kwenye kisanduku cha kuongeza uwezo wa kuchezesha aina zaidi za video.

Winamp, pleya ya zamani ya muziki, ni funzo zuri la kusoma leseni. Septemba 2024 wenye nayo walitoa msimbo chanzo wake kwa umma, lakini leseni waliyoiandika ilikataza kusambaza toleo lililobadilishwa. Watu walilalamika sana, na mwezi uliofuata msimbo ukaondolewa. Kuonyeshwa msimbo si sawa na kupewa haki za programu huria. Programu ikijiita huria, tafuteni jina la leseni inayotambulika: GPL, LGPL, MIT, Apache, BSD au MPL.

Tunayo maabara ya kompyuta 30 na bando dogo. Tufanyeje?

Pakueni mara moja tu. Faili la VLC la Windows ni megabaiti arobaini na kitu. Lihakikini, liwekeni kwenye flashi iliyo safi au kwenye folda la pamoja la mtandao wa ndani, kisha lisakinisheni kote. Fundi anayejua Command Prompt akiongeza /S baada ya jina la faili, usakinishaji unakwenda bila kuuliza maswali. GPL inaruhusu kunakili hivi bila kikomo.

Tunaweza kuwagawia wanafunzi pleya kwenye flashi pamoja na masomo?

Mnaweza, na ni jambo jema kwa mwanafunzi asiye na intaneti nyumbani. Lakini hapa shule imevuka kutoka kutumia hadi kusambaza, na GPL ina sharti kwa msambazaji: anayepokea programu apate pia nakala ya leseni na njia ya kupata msimbo chanzo. Namna rahisi isiyo na utata ni kuweka kwenye flashi hiyo hiyo faili la msimbo chanzo la toleo lile lile, linalopatikana videolan.org, pamoja na maandishi ya leseni. Msibadilishe jina wala alama ya koni mkaiita pleya ya shule yenu.

Mwalimu amerekodi somo kwa iPhone, kompyuta inadai pesa ili kulifungua. Kwa nini?

Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone nyingi hurekodi kwa mfumo uitwao HEVC. Mfumo huo una hataza (haki ya kipekee ya wavumbuzi wake), ndiyo maana Microsoft huuza nyongeza yake kwenye duka lake kwa dola 0.99. VLC inaufungua bila nyongeza hiyo. Inafanya hivyo kwa kuwa VideoLAN iko Ufaransa, na mkataba wa hataza wa Ulaya hautoi hataza kwa programu ya kompyuta kama programu tu.

Dawa nzuri zaidi ni kwenye chanzo: kwenye simu, ndani ya mipangilio ya kamera, chagueni aina ya faili inayokubalika kote, na masomo yahifadhiwe kama MP4 ya H.264. Kwa sauti tumieni MP3 bila hofu. Mpango wa kutoza leseni za hataza zake ulifungwa Aprili 2017. Chuo kinachotaka kuhifadhi hazina ya video kwa miaka mingi kifikirie mifumo ya video ya WebM au AV1, iliyotolewa 2018 na kukusudiwa isitozwe malipo ya hataza.

Pleya ikiwa halali, na filamu tunazoonyesha zinakuwa halali?

Hapana. Haya ni mambo mawili yasiyogusana. Leseni ya VLC haisemi lolote kuhusu unachokichezesha. Sheria ya Tanzania inaacha nafasi kwa kazi ya mtu kutumika kama kielelezo cha kufundishia, kwa kiasi kinachohitajika na kwa kumtaja mwenyewe. Kipande cha dakika nane ndani ya kipindi cha historia kina pa kusimamia. Sinema ya Jumamosi usiku bwalo limejaa, tena kwa kiingilio, haina. Hiyo ni maonyesho ya hadhara na inahitaji ruhusa. Kwa maswali ya namna hii wasilianeni na ofisi za hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar, au KECOBO kwa Kenya.

Kuhusu DVD: VLC huzichezesha, hata nyingi zenye kufuli. Tumieni diski iliyonunuliwa, na msiinakili. Sheria ya Kenya inakataza kukwepa kufuli za kiufundi zilizowekwa kulinda kazi.

Je, pleya inaweza kupeleka taarifa za wanafunzi nje?

Baadhi hupeleka: kilichotazamwa, muda, aina ya kifaa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya 2019, na shule inashika taarifa za watoto, kwa hiyo lisomeni hili kwenye sera ya faragha ya pleya kabla ya kuiweka. VLC ikifunguliwa mara ya kwanza huonyesha dirisha linalouliza kama iruhusiwe kutafuta maelezo ya mafaili kwenye mtandao. Kisanduku hicho huja kikiwa na alama. Kiondoeni alama kwenye kila kompyuta ya maabara.

Tableti za Android je?

VLC ya Android ni bure na haina matangazo. Epukeni pleya zenye matangazo kwenye tableti za wanafunzi wadogo, hata kama leseni inaruhusu, kwa kuwa hamwezi kuchagua tangazo litakalotokea.

Chuo chetu kinatumia Moodle. Tuhangaike na pleya?

Kidogo tu. Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni, tangu toleo la 3.2 la mwaka 2016 inatumia pleya ya Video.js, iliyo chini ya leseni ya Apache 2.0, na mwanafunzi hutazama ndani ya kivinjari. Kolibri nayo, mfumo wa masomo unaotumika mahali pasipo na intaneti, huchezesha video kwenye kivinjari na iko chini ya leseni ya MIT. Angalieni tu nyongeza ambazo fundi ameweka kwenye tovuti ya chuo, maana kila moja ina leseni yake.

Mkaguzi akija tumwonyeshe nini?

Daftari moja la programu. Kwa kila pleya andikeni jina, toleo, aina ya leseni, tovuti ilikopakuliwa, tarehe, aliyesakinisha na kompyuta ilipo. Bandikeni maandishi ya leseni kama yalivyokuwa siku hiyo, kwa sababu wenye programu hubadilisha masharti na toleo la mwaka huu linaweza kuwa na maneno tofauti na la mwaka jana. Kwa programu ya kulipia ongezeni ankara, risiti na namba ya leseni, zikiwa kwa jina la shule, si kwa jina la mwalimu wa TEHAMA. Mwalimu akihamishwa, leseni iliyo kwenye barua pepe yake binafsi inahama naye. Fungueni anwani ya barua pepe ya ofisi kwa ajili ya leseni tu, nywila yake iwe kwa watu wawili: mkuu wa shule na anayeshika maabara.